Lita Hupungua Injini Inapozimwa

Nchi nyingi za visiwa vidogo zimeshafunga sola. Paneli zipo juu ya hospitali, juu ya maegesho ya uwanja wa ndege, kwenye kiwanja kilichofyekwa nyuma ya kituo cha umeme. Lakini fungua daftari la bohari ya mafuta, linganisha mwaka uliotangulia paneli na mwaka uliofuata, na mara nyingi utakuta dizeli imepungua kidogo kuliko ilivyoahidiwa siku ya uzinduzi. Paneli hazina kosa. Kinachokunywa mafuta ni injini inayozunguka, nayo hunywa hata ikiwa haina kazi kubwa ya kufanya. Kwa hiyo kila shauri linalotolewa kuhusu kupunguza mafuta ya kuagiza, liwe la sola, la upepo au la betri, linapaswa kujibu swali moja kabla ya mengine yote: litaruhusu injini ipi izimwe, na kwa saa ngapi kwa siku?

Chukua injini ya kilowati 500, ukubwa unaopatikana katika vituo vingi vya visiwani. Ikibeba mzigo kamili hunywa takriban lita 138 kwa saa. Ikibeba nusu, lita 75. Ikibeba robo, lita 44. Ukizichora namba hizi kwenye karatasi unapata mstari ulionyooka, lakini mstari huo hauanzii sifuri. Kuna lita 13 hivi kila saa ambazo ni za kuzungusha chuma tu, kuendesha pampu zake na kushinda msuguano wake. Juu ya hizo unaongeza robo lita kwa kila uniti (kilowati moja kwa saa moja) inayozalishwa. Ndiyo maana injini iliyojaa hukupa uniti 3.6 kwa lita, na injini ileile ikibeba robo hukupa uniti 2.8.

Sasa weka kisiwa chenye mzigo wa kilowati 600 saa sita mchana. Injini mbili zinazunguka, kila moja na kilowati 300, jumla lita 176 kwa saa. Unafunga sola inayotoa kilowati 450 jua likiwa kali. Watengenezaji wengi wa injini hawataki mzigo ushuke chini ya asilimia 30, yaani kilowati 150 kwa injini hii. Ukiziacha mbili zizunguke, ni lazima zibebe kilowati 300 kwa pamoja, kwa hiyo sola itabanwa mpaka 300 na theluthi nzima ya nguvu ya jua itatupwa. Unachookoa ni lita 75 kwa saa. Ukizima moja, iliyobaki hubeba 150, sola yote 450 inatumika, na unaokoa lita 125. Paneli ni zilezile na jua ni lilelile. Lita 50 za tofauti kila saa zimo katika kuthubutu kuzima injini ya pili.

Na huo mpaka wa asilimia 30 haukuwekwa kwa kupenda. Injini ya dizeli isiyofikia joto lake la kazi haichomi mafuta yote. Mafuta mabichi hupita kwenye pete za pistoni na kuchafua oili, masizi meusi yenye unyevu hutoka kwenye ekzosti, na kuta za silinda hung'aa kama kioo hata pete zishindwe kuziba. Ukiibembeleza hivyo kwa miezi, utalipa kwa ukarabati mkubwa kabla ya wakati wake.

Kwa nini fundi wa zamu haizimi

Anaogopa wingu, na ana haki. Shamba la sola lililokaa mahali pamoja linaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake ndani ya dakika moja wingu nene likipita. Injini moja iliyobaki haiwezi kuruka kutoka kilowati 150 hadi 600. Inazidiwa, inapunguza mwendo, frikwensi, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde, inashuka kutoka herzi 50 kwenda 48, swichi za kinga zinaanza kukata laini moja baada ya nyingine, na kisiwa kiko gizani adhuhuri. Fundi haulizwi kuhusu lita zilizochomwa zamu yake. Anaulizwa kwa nini umeme umekatika. Mtu yeyote mwenye akili angeacha injini ya pili izunguke.

Dawa yake ni betri, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea kwa kununua betri isiyofaa. Betri ya kazi hii inahitaji nguvu kubwa kuliko wingi wa akiba. Kwa kisiwa cha mfano wetu, kilowati 600 zenye akiba ya uniti 300 zinatosha: wingu likifunika, betri hubeba mzigo wote mara moja, na kwa mzigo wa kilowati 600 ina nusu saa kamili. Injini ya pili huhitaji dakika moja au mbili kuwaka, kulinganishwa na gridi na kupokea mzigo, mradi maji yake ya kupozea yamewekwa moto muda wote kwa hita ndogo ya umeme. Hita hiyo husahaulika kwenye zabuni. Bila yake injini inaanza ikiwa baridi, haiwezi kupokea mzigo kwa haraka, na betri uliyoinunua inabaki pambo.

Kuzima injini ya mwisho ni jambo jingine kabisa. Inveta ni kifaa kinachogeuza umeme wa paneli au betri uwe wa aina inayopita kwenye gridi. Inveta nyingi za sola hufuata gridi: husikiliza frikwensi na volteji inayowekwa na mashine nyingine, kisha humwaga nguvu zao humo. Mashine hiyo ikizimwa, nazo hujizima. Ili kisiwa kiende bila dizeli hata moja, ni lazima kuwe na inveta ya betri inayounda gridi, inayoweka frikwensi na volteji yenyewe. Andika sharti hilo kwenye zabuni kwa maneno yasiyopindika, na udai jaribio mbele ya mafundi wako: dizeli zote zizimwe, betri iwashe laini kutoka giza totoro, kisha ibebe mota kubwa zaidi ya kisiwa inapoanza.

Kuna mtego mmoja hapa ambao wauzaji hawautaji. Alternata ya dizeli, yaani sehemu inayozungushwa na injini kutoa umeme, ikipigwa shoti hutoa mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida, na mkondo huo ndio unaoyeyusha fyuzi na kuangusha breka. Inveta nyingi hutoa zaidi kidogo tu ya mkondo wao wa kawaida, kisha hujilinda. Matokeo yake, waya ukianguka barabarani fyuzi haikatiki, na waya unabaki hai chini. Kabla ya siku ya kwanza bila dizeli, mhandisi wa kinga apitie kila fyuzi na kila breka kwa hesabu za mkondo mdogo. Njia nyingine ni kuacha alternata izunguke kwenye gridi bila injini, ili itoe mkondo huo na uzito wa kutuliza frikwensi.

Kisiwa cha King, kati ya Tasmania na bara la Australia, kimefanya kitu cha namna hiyo. Kuna gurudumu zito na alternata vilivyofungwa kwa klachi kwenye injini ya dizeli. Dizeli ikizimwa, klachi inaachia, gurudumu na alternata vinaendelea kuzunguka. Kuna pia rezista kubwa, kifaa kinachogeuza umeme wa ziada wa upepo kuwa joto, na hiyo ni akiba ya ajabu kwa urahisi wake: upepo ukipungua ghafla, rezista inapunguza ulaji wake papo hapo na nyumba hazihisi chochote. Zaidi ya hapo ipo betri ya megawati 3 yenye akiba ya nusu saa tu. Kwa mchanganyiko huo gridi ya kisiwa chenye mitambo ya upepo na sola imeweza kwenda kwa vipindi bila injini yoyote ya dizeli.

El Hierro, katika visiwa vya Kanari, ilichagua maji. Tangu 2014 ina mitambo mitano ya upepo yenye megawati 11.5, bwawa la juu ndani ya kreta ya volkano, bwawa la chini karibu na pwani, na tofauti ya kimo ya mita 650 hivi kati yake. Upepo mwingi hupandisha maji, na upepo ukitulia maji hushuka kuzungusha turbini. Mwaka 2019 kisiwa kilikaa siku 24 mfululizo bila dizeli, lakini kwa mwaka mzima zaidi kidogo ya nusu ya umeme ndiyo iliyotoka kwenye upepo na maji. Ukiangalia kwa karibu unaona kwamba mara nyingi pampu na turbini hufanya kazi kwa wakati mmoja, nguvu nyingine ikipotea njiani, ili frikwensi itulie. Uthabiti una gharama yake popote, na ni afadhali iandikwe kwenye hesabu mapema.

Kwa visiwa vidogo kabisa mambo ni mepesi zaidi. Tokelau, visiwa vitatu vya matumbawe chini ya utawala wa New Zealand, mwaka 2012 ilifunga paneli 4,032 na betri 1,344 za madini ya risasi na asidi, na dizeli ikawa ya dharura. Ta'u, katika Samoa ya Marekani, mwaka 2016 ilipata sola ya megawati 1.4 na betri za uniti 6,000, kuchukua nafasi ya zaidi ya lita 400,000 za dizeli kwa mwaka.

Usinakili uwiano huo kwenye kisiwa chenye watu elfu hamsini kabla ya kufanya hesabu. Kila kilowati 500 za mzigo wa wastani ni uniti 12,000 kwa siku. Katika nchi za joto kilowati moja ya paneli hutoa uniti 4 hivi kwa siku, basi unahitaji kilowati 3,000 za paneli siku ya kawaida, na zaidi ya hapo kufidia kinachopotea kwenye betri na wiki za mvua. Hekta moja hadi moja na nusu kwa kila megawati, kwenye nchi ambayo ardhi ndiyo inayogombewa kuliko vyote. Theluthi mbili za kwanza za mafuta huokolewa kwa gharama ya wastani. Sehemu ya tano ya mwisho inadai paneli na betri zitakazokaa bure sehemu kubwa ya mwaka zikingoja wiki moja mbaya. Mimi ningesimama kwenye asilimia 70 au 80 na kupeleka fedha zilizobaki kwenye maji, boti na nyumba.

Kabla ya kununua chochote

Pima. Kituo kisichojua kinapata uniti ngapi kwa lita, kwa kila injini na kwa kila zamu, hakiwezi kujua kama kimeokoa. Mita ya mafuta ifungwe kwenye bomba la kuingia na bomba la kurudi la kila injini, kwa sababu injini hurudisha tangini sehemu ya mafuta inayopokea. Ukipima bomba la kuingia tu utapata hesabu ya uongo. Kipimo cha mafuta yanayoshushwa na meli nacho kirekebishwe kwa joto. Dizeli hutanuka asilimia 0.08 hivi kwa kila nyuzi moja, kwa hiyo lita 100,000 zilizopimwa kwenye nyuzi 35 ni kama lita 98,400 zikipimwa kwenye nyuzi 15. Mkataba ukisema nyuzi 15 na mpokeaji akatumia fimbo ya tangi bila jedwali la joto, upungufu huo hauonekani mahali popote.

Baada ya wiki chache za kupima, ulevi wa kituo hujitokeza. Nozeli zilizochakaa. Rejeta zilizojaa chumvi na vumbi, zinazolazimisha feni izunguke muda wote. Filta za hewa zilizoziba. Na mara nyingi sana, injini kubwa inayozunguka usiku kucha kwa mzigo mdogo kwa sababu hakuna ndogo. Mzigo wa usiku wa kilowati 180 kwenye injini ya 500 unakula lita 58 kwa saa, na kwenye injini nzuri ya 250 unakula lita 51 au 52. Ni zaidi ya lita 18,000 kwa mwaka kwa saa nane za usiku peke yake, bila paneli hata moja.

Kisha fuata waya. Linganisha uniti zilizotoka kituoni na uniti zilizouzwa. Tofauti ikizidi asilimia 10, kuna transfoma kubwa mno zinazopasha hewa joto, viungio vilivyolegea, mita zilizokufa au wizi. Kamera ya joto ikipitishwa chini ya laini saa ya kilele huonyesha viungio vibovu usiku mmoja, na kufunga kiungio upya ni kazi ya saa moja.

Maji yanastahili kutazamwa kwa muda mrefu zaidi, maana kisiwa kinachosafisha maji ya bahari hunywa dizeli kupitia bomba la maji. Mtambo mzuri wa kuchuja chumvi, wenye kifaa cha kurudisha nguvu ya shinikizo, hutumia uniti 3 hadi 4 kwa kila mita ya ujazo. Mitambo ya zamani isiyo na kifaa hicho hutumia 6 hadi 8. Kwa kisiwa kinachozalisha mita za ujazo 1,000 kwa siku, tofauti hiyo ni lita 750 hadi 1,000 za dizeli kila siku. Bomba la mji likivuja theluthi ya maji hayo, theluthi ya dizeli hiyo imemwagwa ardhini. Na maji yakishatengenezwa hukaa tangini. Kwa hiyo mtambo wa maji uendeshwe saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri sola inapozidi, na uzimwe saa za kilele cha jioni. Tangi la zege halichakai kama betri. Angalia tu kwamba utando wa mtambo usafishwe kwa maji matamu kila unapozimwa, vinginevyo chumvi na uchafu huganda juu yake, na kuwasha na kuzima kwa pupa huupasua.

Barafu ya wavuvi ni vilevile: tani moja hutaka uniti 60 hadi 80, itengenezwe mchana, ihifadhiwe kwenye chumba chenye kuta nene za povu. Maji ya moto ya nyumba na hoteli yasiguse umeme kabisa. Barbados na Cyprus zimeonyesha hilo kwa miongo mingi, na huko Cyprus zaidi ya nyumba tisa kati ya kumi zina tangi la jua juu ya paa. Ni teknolojia ya bomba, kioo na tangi, ambayo fundi bomba yeyote anaweza kuitengeneza.

Chumvi na kimbunga

Vifaa vingi vya sola hufa visiwani kwa sababu vilichaguliwa kwa ajili ya bara. Bolti za chuma kisichoshika kutu ziwe daraja la 316, kwa sababu 304 hutoboka kwa chumvi. Fremu za alumini zisigusane moja kwa moja na chuma kilichopigwa zinki: pamoja na unyevu wa bahari metali mbili hugeuka betri na moja huliwa. Weka washa za plastiki ngumu katikati. Paneli ziwe zimepita jaribio la ukungu wa chumvi, IEC 61701, kwa daraja kali. Plagi za paneli za chapa mbili tofauti zisichomekwe pamoja hata zikiingiana vizuri, kwani mguso wake huwa hafifu, hupata joto, na chumvi humalizia.

Inveta zenye feni hunyonya hewa ya bahari na kuipaka kwenye bodi zake. Ziwekwe ndani, upande usiopigwa na upepo wa bahari, penye kivuli, kwa kuwa zikipata joto kali hujipunguzia nguvu zenyewe adhuhuri, saa unapozihitaji zaidi. Chumba cha betri kina kiyoyozi chake, na kiyoyozi hicho kikifa betri hujizima ndani ya saa chache. Kiwe na mwenzake wa akiba. Kwa betri za risasi, kila nyuzi 10 juu ya 25 hukata umri karibu nusu.

Penye vimbunga, tatizo kubwa ni vibano. Paneli hushikwa ukingoni kwa vibano vinavyoshirikiwa na paneli mbili. Moja ikipasuka au kung'oka, kibano kinalegea na jirani yake anafuata, safu nzima ikaondoka. Paneli zifungwe kwa bolti zinazopita kwenye fremu, zenye nati za kujifunga, na kila bolti ikazwe kwa spana ya kipimo na kutiwa alama ya rangi ili iliyolegea ionekane kwa macho. Mwinamo wa nyuzi 10 unatosha mvua isafishe, na hauupi upepo tanga la kushika. Safari ya ukaguzi wa bolti ifanyike kila mwaka kabla ya msimu wa vimbunga.

Paa za watu

Sola ya paa ni nzuri mpaka inapofika robo ya mzigo wa mchana. Kuanzia hapo inaweza kuangusha gridi. Inveta nyingi hutoka kiwandani na mipangilio ya nchi zenye gridi kubwa, ambako frikwensi ikisogea kidogo tu kuna hatari kweli. Kisiwani kusogea kwa herzi moja ni jambo la kila siku. Jenereta ikitikisika, paa elfu moja hujizima kwa pamoja, mzigo wote unaangukia injini iliyokuwa tayari inahangaika, na giza linafuata. Shirika la umeme litoe faili moja ya mipangilio: zibaki zimeunganishwa kati ya herzi 47 na 52, zipunguze nguvu polepole frikwensi ikipanda badala ya kukata, na zirudi kwa zamu baada ya hitilafu. Fundi asipewe kibali cha kuwasha mpaka mkaguzi asome mipangilio hiyo kwenye skrini ya inveta. Kurekebisha inveta 50 ni kazi ya mwezi mmoja. Kurekebisha 3,000 zilizokwisha kufungwa ni kazi ya miaka.

Boti, magari na mbata

Katika visiwa vingi usafiri hunywa mafuta kama umeme au zaidi, na huku ndiko fedha kidogo sana hupelekwa. Boti ya mizigo isiyopaa juu ya maji ikipunguza mwendo kwa asilimia 10 hupunguza mafuta ya safari kwa asilimia 20 hivi. Mkuku wenye majani na chaza hula akiba hiyo yote. Kwa mashine za kufunga nyuma, jaribio la rafadha (panga inayosukuma boti) ni la dakika tano: pakia mzigo wa kawaida, fungua mafuta mpaka mwisho, soma mizunguko. Ikiwa chini ya kiwango cha mtengenezaji, rafadha ni kubwa mno na injini inakabwa. Ikiwa juu, ni ndogo na inachapa maji bure. Mashine za zamani zinazochanganywa petroli na oili hutema sehemu ya mafuta yakiwa mabichi, na kuzibadilisha huokoa pengine theluthi.

Gari la umeme linafaa kisiwani kwa kuwa njia ni fupi, lakini hesabu hutegemea saa ya kulichaji. Hutumia uniti 17 hivi kwa kilomita 100. Ukilichaji usiku kwa umeme wa dizeli, baada ya upotevu wa waya, hiyo ni sawa na lita 5 za dizeli, si mbali sana na gari dogo la petroli. Ukilichaji adhuhuri kwa sola ambayo ingebanwa, ni karibu bure. Kwa hiyo chaja ziwekwe kazini na maofisini, na bei ya adhuhuri ishushwe, kabla ya kuondoa ushuru wa magari hayo.

Mafuta ya nazi yanaendesha dizeli za mwendo wa polepole. Lita moja yanafanya kazi ya lita 0.9 hivi za dizeli. Chini ya nyuzi 24 au 25 huganda, basi tangi na filta zipashwe joto kwa maji ya injini, injini iwashwe kwa dizeli na dakika kumi kabla ya kuzimwa irudishwe kwenye dizeli, ili nazi isigande kwenye nozeli. Yachujwe mpaka maikroni 5 na kutolewa maji. Kinachoua miradi hii ni bei: mbata, yaani nazi iliyokaushwa, ikipanda katika soko la nje, mkulima huuza huko, na kituo kinarudi kwenye dizeli. Yafaa kwa visiwa vya mbali ambako kupeleka pipa la dizeli ni ghali kuliko dizeli yenyewe.

Umeme wa joto la bahari ya kina bado uko kwenye mitambo ya majaribio, na serikali ndogo isiufadhili. Joto la ardhini ni tofauti: penye volkano ni hazina, kama Bouillante huko Guadeloupe ilivyoonyesha kwa megawati 15 hivi, ila kisima cha kwanza kinaweza kutoka kikavu, na hatari hiyo ibebwe na mfuko wa nje. Waya wa chini ya bahari unafaa kisiwa kilicho karibu na bara, mradi kuna njia ya pili. Unguja ilitegemea waya mmoja, na ulipopata hitilafu Desemba 2009 umeme ulirudi Machi 2010.

Nani anafaidika na lita zisizochomwa

Katika nchi nyingi shirika la umeme hupitisha gharama yote ya mafuta kwenye bili ya mteja. Kwa mpangilio huo, kituo kinachochoma ovyo hakipati hasara yoyote. Mdhibiti aweke kiwango, mathalani uniti 3.6 kwa lita, apitishe mafuta yanayolingana na kiwango hicho tu, na shirika likibaki chini yake lilipe lenyewe, likizidi libaki na faida. Hili halihitaji mfadhili.

Mikataba ya sola ya watu binafsi isomwe kwenye kipengele cha kubanwa. Ikiwa nchi imekubali kulipia kila uniti ambayo paneli zingeweza kutoa, na gridi haiwezi kuzipokea, utalipa sola na dizeli kwa saa hiyohiyo. Betri itangulie mkataba au ije nao.

Mfuko wa vipuri na ubadilishaji uanze mwezi wa kwanza. Gawa gharama ya inveta na betri mpya kwa uniti zitakazotoka mpaka siku ya kuzibadilisha, kati ya miaka 10 na 15, na kiasi hicho cha kila uniti kiende kwenye akaunti ambayo wizara ya fedha haiwezi kuigusa. Wafadhili hununua paneli kwa moyo mkunjufu. Feni ya inveta hawanunui. Ghalani kuwe na inveta moja ya akiba kwa kila kumi, feni, kadi za mawasiliano, vizuia radi, na paneli mbili kwa kila mia za vipimo vilevile, kwa sababu baada ya miaka mitano ukubwa huo hautengenezwi tena. Betri kuukuu nazo ni mzigo wa hatari kwa sheria za bahari, na za risasi huhitaji kibali cha Mkataba wa Basel, unaosimamia taka hatari, kuvuka mpaka. Mkataba wa ununuzi ueleze nani atazichukua na kwa gharama ya nani.

Meli ya mafuta yenyewe itabadilika. Nchi ikipunguza nusu ya dizeli, meli haipungui nusu: nauli ileile inagawanywa kwa lita chache, na bei ya lita ya petroli na mafuta ya ndege inapanda. Waziri wa nishati azungumze na mwagizaji miaka miwili kabla, waunganishe shehena na nchi jirani au waongeze matangi ili meli ije mara chache zaidi ikiwa imejaa.

Na injini zilizozimwa zibaki kazini. Kila moja iwashwe mara moja kwa mwezi kwa saa moja au mbili na mzigo usiopungua asilimia 60, kwa zamu, ili pete zibaki safi na mafundi wasisahau mkono wake. Dizeli inayokaa tangini kwa miezi huvuta maji, na penye maji huota utelezi mweusi unaoziba filta siku hasa unapoihitaji. Tangi litolewe maji chini kila wiki, na mafuta yapitishwe kwenye filta ya kuzungusha kila robo mwaka.